Ninavyogawa ruhusa kwenye kompyuta ya steshenari

Kompyuta yangu hapa Mwamanyili haina mtumiaji mmoja. Asubuhi nachapa barua na mihtasari ya vikao vya kijiji. Mchana msaidizi wangu anawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB au nafasi za kazi za Ajira Portal, na msimu wa pamba ukifunguliwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anakuja na orodha ya wakulima na kilo zao. Jioni wadogo zangu wanaitaka kwa ajili ya masomo. Ndani yake vinapita vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti na namba za NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Hao ni watu ninaokutana nao mnadani na msibani, ndiyo maana suala la nani afungue nini siliachi lijiendee.

Naanza na akaunti. Windows ina watumiaji wa aina mbili: msimamizi, anayeweza kubadili mashine nzima, na mtumiaji wa kawaida, anayefanya kazi zake bila kuugusa mfumo wenyewe. Akaunti ya kwanza kwenye kompyuta huwa ya msimamizi, na watu wengi hukaa humo hadi mashine inakufa. Mimi akaunti ya msimamizi naifungua kwa matengenezo tu; kazi za kila siku nazifanya kwenye akaunti ya kawaida, ingawa mashine ni yangu. Sababu ni flashi za wateja. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ikitaka kugusa mfumo hutokea dirisha la kuomba kibali. Ukiwa msimamizi, kubofya "Yes" kunatosha, na mtu mwenye foleni ya wateja hubofya bila kusoma. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, dirisha lile lile linadai neno la siri la msimamizi, na hapo hata mwenye haraka husimama akajiuliza.

Kutengeneza akaunti kupitia "Settings" kunakuzungusha kwenye barua pepe na intaneti. Njia ninayoipenda haili bando: fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika net user msaidizi * /add, kisha weka neno la siri mara mbili. Akaunti inayozaliwa ni ya kawaida. Kila anayeitumia mashine apate yake, na neno la siri lisiandikwe kwenye kikaratasi cha kubandika kwenye skrini.

Sera za mfumo zinategemea toleo. Zana ya gpedit.msc ipo kwenye Windows Pro, haipo kwenye Home; kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini huja na Pro, kwa hiyo angalia kwanza kwa kuandika winver. Usikimbilie kubadili sera ya watu wote, maana itakubana na wewe. Andika mmc, ongeza "Group Policy Object Editor", bofya "Browse", nenda "Users", uchague "Non-Administrators". Utakachokipanga humo kitawahusu wasio wasimamizi peke yao. Mimi nimefunga "Control Panel" na kuzima "Autoplay", flashi isijifungue yenyewe. Mwenye Home atazima "AutoPlay" ndani ya "Settings", na inatosha kwa kuanzia.

Penye kazi hasa ni mafolda. Folda ukiitengeneza moja kwa moja kwenye C, tuseme C:\Wateja, kwa kawaida kila mwenye akaunti kwenye mashine anaweza kuisoma na hata kuibadili. Wengi hawalijui hili. Wanadhani neno la siri la kuingilia limeshamaliza kazi. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", "Security", "Advanced", kisha "Disable inheritance" na ukubali kuzigeuza ruhusa ziwe za folda yenyewe. Ondoa "Authenticated Users" na "Users". Waongeze kwa majina wale tu wenye kazi humo, ukiwapa "Modify". Usitumie "Deny" kama njia ya mkato: katazo hushinda ruhusa, na ukiikataza "Everyone" umejikataza na wewe mwenyewe.

Ruhusa hizi hazisafiri. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazibebi ruhusa kabisa, kwa hiyo faili likishanakiliwa huko yeyote atalisoma. Vilevile mtu akiiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi anaweza kuyafikia mafolda yote. Dawa yake ni BitLocker, inayoisimba diski nzima, na ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi inayokaa mbali na kompyuta.

Maombi ya mtandaoni tunayajaza kwenye dirisha la "Guest" la Chrome. Likifungwa, akaunti ya mteja haibaki wazi. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, usibaki na cheti changu humo." Nikakifuta akiwa anaona. Ana haki hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiwahusu wenye ofisi kubwa za mjini peke yao.

Kila ninapobadili ruhusa naingia kwa akaunti ya msaidizi na kujaribu kufungua folda isiyomhusu. Ikifunguka, narudi "Security" kutafuta kundi lililosahaulika. Na msaidizi akiacha kazi, siifuti akaunti yake siku hiyo hiyo. Naizima kwa net user msaidizi /active:no, nahamisha kazi za wateja ambazo hazijakamilika, ndipo naiondoa.