Samaki wa Madimbwi ya Msimu: Namna ya Kumtambua na Kumtunza

Kila mwaka, mvua zinapojaza mabonde ya pwani, samaki wadogo wa rangi kali huonekana katika madimbwi ambayo miezi michache kabla yalikuwa makavu, tena mbali na mto. Si ajabu wengine kudhani kuwa wameshuka na mvua. Kumbe walikuwapo siku zote, ndani ya udongo.

Wataalamu huwaita Nothobranchius. Jamii hii ina spishi nyingi katika nyanda za Afrika Mashariki hadi Msumbiji. Baadhi zina makazi finyu mno: N. guentheri hupatikana Unguja, N. korthausae kisiwani Mafia, na N. eggersi katika bonde la Rufiji.

Kumtambua

Aghalabu samaki huyu hana urefu unaozidi sentimita 7. Dume hung'aa kwa rangi nyekundu, buluu au njano. Jike ni wa kijivu au hudhurungi, pengine mwenye madoa meusi. Mdomo umeelekea juu, mkia ni wa mviringo, na pezi la mgongoni liko nyuma, karibu mkabala na pezi la chini. Kwa alama hiyo hutofautiana na mtoto wa perege, ambaye pezi lake la mgongoni ni refu, lina miiba na huanzia karibu na kichwa. Kutaja spishi yenyewe ni kazi ya mtaalamu.

Maisha yake

Jike hutaga katika tope. Dimbwi linapokauka, samaki wakubwa wote hufa, lakini mayai hubaki hai, ukuaji wake ukiwa umesimama. Mvua zinaporudi huanguliwa, na vifaranga hukomaa kwa wiki chache tu. Si mayai yote huanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine husubiri, hivyo mvua ikikatika mapema kizazi hakipotei chote.

Kumtunza nyumbani

Anayetaka kumfuga achukue dume mmoja na majike wawili au watatu, kwa kuwa madume hupigana. Tangi la lita 20 lenye kifuniko linatosha. Samaki huyu ni hodari wa kuruka. Maji ya bomba yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kutumiwa, na sehemu moja ya nne ibadilishwe kila wiki. Chakula chake ni wadudu hai wa majini, wakiwamo viluwiluwi vya mbu. Asichanganywe na samaki wengine. Ufugaji huu ni wa muda mfupi: wengi hawafikishi mwaka, hata wakitunzwa vyema.

Mwenye kuingia dimbwini avae mabuti, na watoto wazuiwe kuoga humo, kwa sababu maji yaliyotuama yaweza kuwa na vimelea vya kichocho. Usafirishaji wa samaki hai nje ya nchi unahitaji kibali; Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia shughuli hizo.

Kulitunza dimbwi

Utunzaji ulio muhimu zaidi haufanyiki tangini. Wakati wa kiangazi kizazi kizima kimo katika tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi, na hakuna samaki mkubwa popote wa kukirejesha. Dimbwi likifukiwa kwa kifusi, udongo wake ukichimbwa kwa matofali, au likitupiwa taka na dawa za mashambani, hasara hiyo hutokea pasipo kuonekana samaki hata mmoja aliyekufa. Aidha, si vema kumwaga humo samaki wa kigeni au wa kutoka dimbwi jingine.

Kwa hiyo, kabla ya kufukia bonde, kuchimba udongo au kupitisha barabara, wakazi wanashauriwa kukumbuka kama mahali hapo palionekana samaki wakati wa mvua, na kumwarifu afisa uvuvi au serikali ya kijiji mapema. Mara nyingi inatosha kusogeza shimo la udongo au jalala hatua chache. Dimbwi kavu si dimbwi tupu.