Motokari-Nyumba Katika Inchi ya Baridi

Wandugu wanafunzi, katika somo la jografia tuliona picha ya motokari-nyumba, ni kusema motokari kubwa yenye kitanda, jiko, frigo na choo ndani yake, ikipita peke yake katika pori lisilo na kijiji. Wengi walicheka: mtu mwenye nyumba nzuri anaiacha sababu gani, aende kulala porini? Lakini mmoja aliuliza ulizo bora zaidi: ile njia yenyewe ilifika kule namna gani? Tunaanza na hilo.

Njia ile inaitwa Alaska Highway. Inaanza Dawson Creek katika Kanada, inaishia Delta Junction katika Alaska, jimbo la Marekani. Leo ina kilometa karibu 2,200. Ilipasuliwa mwaka wa 1942. Japani ilikuwa imepiga Pearl Harbor mwezi wa 12, 1941, na Marekani waliogopa adui atakata njia ya bahari ya kwenda Alaska. Kazi ilianza mwezi wa 3; mwezi wa 10 mashine zilizotoka kusini na zile zilizotoka kaskazini zikakutana uso kwa uso karibu na Beaver Creek. Miezi 8 tu!

Na nani walifanya kazi ile? Askari zaidi ya 10,000, na karibu sehemu moja ya tatu yao walikuwa watu weusi, wazao wa wale waliochukuliwa Afrika kuwa watumwa. Wengi walizaliwa kusini mwa Marekani, kwenye joto. Jeshi la wakati ule liliwatenga weusi mbali na weupe. Kikosi kimoja cha weusi kilinyanganywa mashine zake kubwa, zikapewa kikosi cha weupe, wao wakabaki na majembe na mashoka. Kumbe ni hao waliojenga daraja la mto Sikanni Chief kwa muda usiofika siku 4. Katika vitabu vingi vya zamani hawatajwi hata kidogo, ndiyo maana tunawataja hapa. Mwaka wa 1948 njia ilifunguliwa kwa watu wote, na mwaka ule ule rais Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi katika jeshi.

Sasa tuone udongo. Sehemu nyingi za kule, chini kidogo udongo umeganda barafu, hauyeyuki hata wakati wa joto. Juu yake kuna majani laini yanayoshika maji kama sifongo. Mwanzoni askari waliyakwangua yote, sawa vile tunavyofanya hapa kwetu tukipasua njia. Jua likapiga udongo, barafu ikayeyuka, mashine zikazama katika tope. Kwetu tope linaletwa na mvua kutoka juu, kule linatoka chini. Ndipo walijifunza kuacha majani mahali pake kama blanketi, kulaza miti juu yake, kisha kumwaga changarawe. Hata leo, kati ya ziwa Kluane na mpaka wa Alaska, lami inakunjana kama mawimbi. Mwenye motokari-nyumba sherti aende polepole, asipofanya hivi sahani zote zinatoka kabatini.

Wasafiri wengi wanapita kati ya mwezi wa 5 na wa 9. Hata hivi, usiku baridi inaweza kugandisha maji, na hapa fizike inaingia. Maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu 9 kwa 100, basi mabomba ya ndani yanapasuka. Tena gazi ya kupikia iko namna mbili. Butani haigeuki mvuke ikiwa baridi inashuka chini ya degre 0 hivi: butelye imejaa, lakini moto hakuna! Propani inaendelea mpaka karibu degre 42 chini ya 0. Yule anayenunua bila kusoma jina juu ya butelye atakula mkate mkavu.

Maji machafu hayamwagwi njiani, yanakaa katika tanki mpaka mahali palipowekwa. Chakula nacho hakiachwi inje, juu ya dubu. Dubu anasikia harufu mbali sana, na akizoea chakula cha watu atarudia, mwisho wake mara nyingi ni kupigwa risasi. Kosa ni la mtu, anayekufa ni mnyama.

Ulizo. Kutoka Watson Lake mpaka Whitehorse ni kilometa karibu 440. Motokari-nyumba inakunywa lita 25 za esansi kwa kilometa 100, tanki yake inashika lita 100. Tufanye kama pompe zote za katikati zimefungwa. Je, itafika? Ikiwa hapana, itasimama kilometa ngapi mbele ya kufika, na dereva alipashwa kubeba lita ngapi katika bido? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu mbele ya siku ya tano.