Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Ile drili ilikuwa yangu



Ndugu zangu wapenzi, mama zangu, vijana wangu. Alhamdulillah, kumi la kwanza limetupita na sasa tumo katika kumi la pili, siku za kuomba msamaha. Leo naanza na mimi mwenyewe, kwa sababu nina jambo langu la kuombea msamaha, na linawahusu na nyinyi.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, alinijia mwalimu mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Anafundisha masomo ya ufundi katika sekondari moja hapa mkoani kwetu Tanga. Mnajua mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, kwamba mtoto asome huku anashika kazi: umeme, uchomeleaji, ufundi magari, useremala. Jambo jema. Lakini mwalimu yule alikuwa na wanafunzi zaidi ya arobaini, jiliwa moja ya kubania chuma, tupa mbili zilizokwisha meno, na multimita hana. Akaniambia, "Ustadh, msumeno wa chuma nauchora ubaoni. Watoto wanaujua kwa chaki."

Nikatangaza msikitini. Watu wa msikiti huu mna mikono mepesi, Mwenyezi Mungu awalipe. Hadi Idi chumba cha nyuma ya madrasa kilikuwa kimejaa. Na mimi nikatoa: drili yangu ya umeme. Sasa sikilizeni. Drili ile ilikuwa inatoa moshi tangu mwaka wa juzi. Nilikuwa najua. Nikasema moyoni, "Wao ni mafundi, wataitengeneza." Nikaifuta vumbi, nikaipeleka.

Baada ya Idi nikaalikwa shuleni. Kijana mmoja wa kidato cha pili akachomeka drili, akabonyeza. Cheche zikatoka kwenye mpini, akaitupa chini. Alhamdulillah hakuumia. Wenzake wakacheka. Mwalimu akauliza kwa upole tu, "Hii nani alitoa?" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Nikanyamaza.

Nimenyamaza mwaka mzima. Leo nasema: ilikuwa yangu.

*Tunatoa nini?*

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 267, Mola wetu anatuamrisha tutoe katika vilivyo vizuri tulivyochuma, na anatukataza tusikusudie kilicho kibaya tukakitoa hicho, ilhali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Jamani, mizani ni hiyo. Usijiulize, "Je, bado kinaweza kumfaa mtu?" Jiulize, "Ningeletewa mimi, kwa ajili ya mwanangu, ningekipokea macho wazi?"

Tulipokagua chumba kile na mwalimu, vitu vingi havikupita mizani hiyo. Kompyuta zisizo na diski. Mashine ya kusagia chuma iliyong'olewa kinga yake. Waya za kuongezea umeme zilizochubuka. Mwalimu hakuwa na pa kuvitupa, na kwa heshima yetu hakutaka kuvikataa. Tulimwendea mwenye shida tukamwongezea mzigo wa taka, kisha tukalala tukidhani tumetoa sadaka.

*Sura tunayoisoma kila siku*

Sura Al-Maun tumeihifadhi tangu utotoni. Inaishia kwa kuwakemea wanaoswali huku wanaghafilika na swala zao, wanajionyesha, na wanazuia "maun". Hiyo maun ni nini? Imepokewa kwa Ibn Masud, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba ni vile vitu watu wanavyoazimana: shoka, chungu, ndoo na mfano wake. Yaani zana! Kuna sura nzima katika Qur'ani yenye jina hilo, na onyo lake limewekwa jirani na swala.

Na Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya amali bora. Katika majibu aliyopewa, pale aliposema, "Nisipoweza je?", aliambiwa amsaidie fundi, au amfanyie kazi asiyejua kuifanya. Basi usione haya kutafutia wanafunzi jiliwa na tupa ukadhani ni mambo ya dunia tu. Nabii Daud, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma, na katika Sura Saba anaamrishwa atengeneze deraya na apime vizuri pete zake. Kipimo! Mtoto atapimaje bila venia kalipa?

*Basi tutafuteje? Haya ndiyo tuliyojifunza*

1. *Anza na orodha ya mwalimu, si na stoo yako.* Mwaka huu mwalimu ameandika kwa mkono wake: majiliwa, tupa bapa na za duara, misumeno ya chuma na nyembe zake, venia kalipa, multimita, vyuma vya kulehemu, miwani ya kinga, glavu za kuchomelea. Tazameni: karibu vyote ni zana za mkono. Tulikuwa tunawaza mashine kubwa, kumbe watoto arobaini wanahitaji kwanza kila mmoja ashike tupa.

2. *Uliza umeme kabla ya kushukuru.* Shule moja niliyoitembelea ina mashine kubwa ya kukereza chuma, zawadi nzuri kabisa, imekaa chini ya turubai. Inataka umeme wa fezi tatu, shule ina fezi moja. Na ndugu zetu mlioko nje, mnaotusoma: umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Wa Uingereza na Omani unaendana na wetu. Wa Marekani ni volti 120, Hz 60. Hata ukiweka transfoma ya kupandisha na kushusha volti, mota nyingi za kule zitazunguka hapa polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na zinaweza kupata moto. Bora utume zana za mkono. Tupa haiulizi volti.

3. *Bisha hodi penye karakana.* Tanga yetu ina bandari, reli, viwanda vya saruji, mashamba ya mkonge. Sehemu kama hizo huwa na karakana, na karakana hubadilisha zana. Usiende na maneno, nenda na barua ya mkuu wa shule yenye muhuri na ile orodha. Kama ni mali ya Serikali, ina taratibu zake za kuondolewa, usimwombe mtunza stoo akupitishie mlango wa nyuma. Sadaka haianzi na dhuluma. Na msiwasahau mafundi wastaafu. Kuna mzee mmoja hapa mtaani, amefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, masanduku mawili ya spana yapo chini ya kitanda. Hakuwa ameombwa na mtu. Nilipomwomba alilia.

4. *Tengeneza kabla ya kutoa.* Chukueni mfano wa shirika la Uingereza, Tools for Self Reliance. Kwa miaka mingi limekusanya zana zilizotumika, watu wa kujitolea wakazisafisha, wakanoa, wakatia mipini mipya, ndipo zikatumwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Hao wengi wao si Waislamu, na adabu hii wametutangulia. Sisi tumeanza: kila Jumamosi baada ya Alasiri, mafundi wawili wa msikiti wanakaa barazani, wanakagua. Kilicho kizima kinawekwa alama, kibovu kinarudi kwa mwenyewe kwa heshima. Usikasirike ukirudishiwa. Drili yangu nimerudishiwa.

5. *Kabidhi kwa maandishi.* Mkuu wa shule apokee, kiandikwe kwenye leja ya vifaa, na bodi ya shule ijue. Hii si kumshuku mtu, ni kumlinda. Kitu kisichoandikwa hupotea, kisha lawama humwangukia mwalimu aliyekiomba.

*Swali ninaloulizwa sana: naweza kutumia zaka?*

Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi, wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, hawaruhusu iende kununulia vifaa vya shule. Zaka yako mpe fakiri, hata mwanafunzi fakiri mwenyewe, aimiliki. Vifaa hivi vitoke katika sadaka, au uviweke wakfu. Ndiyo, wakfu si wa nyumba na mashamba tu. Khalid bin Walid, radhi za Allah ziwe juu yake, aliweka wakfu deraya zake na zana zake katika njia ya Allah, na Mtume (s.a.w.) akamtetea kwa hilo. Chombo chochote kinachotumika bila kwisha kinafaa. Jiliwa nzuri itabana chuma miaka thelathini. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi, kila mmoja na riziki yake, na wewe uko kaburini.

Kuna aliyeniuliza pia, "Ustadh, shule ile si ya Waislamu peke yao." Kweli. Ni ya watoto wa mtaa wetu wote. Aliyeshika drili yangu siku ile sikumuuliza dini yake, na cheche zisingemuuliza pia.

*Kazi ya leo*

Kabla ya kufuturu, fungua stoo yako, au sanduku la marehemu baba ambalo hakuna anayeligusa. Chagua kitu kimoja ambacho ungeona uchungu kidogo kukiachia. Hicho ndicho. Kilete Jumamosi barazani. Kama huna zana, toa bei ya miwani ya kinga ya mtoto mmoja. Kama huna hata hiyo, njoo utusaidie kunoa.

Mimi nimekwenda shuleni wiki iliyopita. Nikamwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba drili ile ilikuwa yangu, nikawaomba radhi. Yule kijana akacheka, akasema, "Tulishajua Ustadh, jina lako lilikuwa limeandikwa chini kwa kalamu." Mwaka mzima walijua, wakanisitiri. Watoto wadogo, wamenifundisha adabu. Nimewapelekea nyingine, nzima, nimeijaribu mwenyewe.

Ewe Mola, tusamehe sadaka tulizotoa kwa kufumba macho. Tutakabalie vilivyo vizuri, na vibariki vidole vya watoto hawa. Wasitiri wazazi wetu waliotutangulia, na ujaalie vyombo walivyoviacha viendelee kuwaletea thawabu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako, hasa mwenye karakana.