Maumivu ya Mgonjwa Asiyelalamika

Uvimbe wa saratani ukikandamiza mfupa, tishu zilizoumia humwaga kemikali zinazoamsha ncha za neva. Taarifa hupanda hadi uti wa mgongo, lakini haipiti hapo bila kuulizwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mgongoni kuna lango, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua au kulibana. Hofu na kukosa usingizi hulifungua.

Sasa tumfikirie mama mmoja kutoka Laela mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambaye pia huhudhuria kliniki ya akili Sumbawanga mjini. Neva zake ni zilezile za jirani yake. Tofauti iko juu ya lango, kwenye ubongo. Sonona huyazidisha maumivu. Skizofrenia yaweza kumfanya asiyataje kabisa, au aseme kuna mtu anamchoma tumboni. Ndugu husema ugonjwa wa akili umepanda. Mimi ningeanza kwa kulipima tumbo.

Kumwomba ataje namba ya maumivu kati ya 0 na 10 hakutoshi. Anayempikia ugali anajua zaidi: je, amesukuma sahani? Anainuka kwa kushika ukuta? Ameacha kupalilia maharage yake? Alinganishwe na alivyokuwa wiki iliyopita, si na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mofini ya maji hunywewa kila saa 4 kwa kuwa nguvu yake huisha kwa muda huo, na huambatana na dawa ya kulainisha choo. Ugumu ni pale dawa za maumivu zinapokutana na dawa za akili. Mofini ikichanganywa na diazepamu, pumzi inaweza kupungua mno. Kabamazepini huliharakisha ini kuvunja tramadoli, hivyo maumivu hurudi mapema. Tramadoli nayo huongeza hatari ya degedege. Diklofenaki huzuia figo kutoa lithiamu, nayo hujaa kwenye damu hadi kuwa sumu. Hata hivyo kuna dawa zinazosaidia pande zote mbili: amitriptilini hutuliza pia maumivu ya neva, na haloperidoli hukata kichefuchefu cha mofini.

Akihitaji kusafiri kwenda kutibiwa, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Kabla ya kupanda basi, dawa zote za nyumbani zitiwe mfuko mmoja, hata mizizi ya mganga wa kienyeji, na za akili zisikatishwe ghafla eti kwa sababu sasa kuna ugonjwa mkubwa zaidi.