Tamasha za Sadaka, na Je, Humwondolea Maskini Ufakiri?

Ndugu yetu mmoja, msomaji wa vijitabu hivi, ametuletea swali. Asema kwamba vijana wa mtaani kwake wamemjia na tiketi za tamasha la waimbaji, na kwamba mapato yake, kwa kauli yao, yatapelekwa kwa watu wenye njaa. Naye ameingiwa na shaka: je, fedha za namna hii humfikia maskini? Na zikimfikia, humtoa katika ufakiri wake?

Swali hili si la mtaa mmoja, kwani jambo hili limekwisha kujaribiwa duniani, tena kwa majaribio makubwa, na khabari zake zajulikana. Hatutaingia hapa katika hitilafu za wanavyuoni juu ya ngoma na vinanda. Hayo yana mahali pake. Hapa twaitazama fedha: ilitoka wapi, ilipita wapi, na ilifanya nini.

Tamasha kubwa la kwanza la namna hii lilifanywa New York, tarehe 1 Agosti 1971. Ravi Shankar, fundi mkubwa wa sitari wa Bara Hindi, ambaye wazee wake ni Wabengali, alimwendea rafiki yake George Harrison, aliyekuwa mmoja wa Beatles, akamweleza hali ya watu wa Bangladesh. Mwezi wa Novemba 1970 tufani ilikuwa imewaua watu laki kadhaa katika nchi hiyo, kisha mwaka uliofuata vita vikawatoa makwao watu wapatao milioni 10, wakakimbilia India. Basi watu kama 40,000 walihudhuria maonyesho mawili ya siku moja, na mlangoni zikapatikana dola 243,000 na zaidi, zikapelekwa UNICEF. Mpaka hapa ni kheri tupu. Lakini fedha zilizo nyingi zaidi zilitoka katika santuri na senema ya tamasha lile, na kwa kuwa wenyewe hawakuliandikisha mapema kuwa ni kazi ya sadaka, wakubwa wa kodi wa Marekani walizizuia fedha hizo kwa miaka mingi. Mtoto aliyekuwa na njaa kambini mwaka 1971 hakuweza kuzingoja. Nia ya watu wale hatuitilii shaka. Kilichopungua ni karatasi moja iliyotakiwa kuandikwa kabla ya kuuza tiketi ya kwanza.

Ama lililovuma kuliko yote ni lile la Live Aid, lililofanywa London na Philadelphia siku moja, tarehe 13 Julai 1985. Na chanzo chake chatuhusu sisi watu wa upande huu, kwani picha zilizowaamsha walimwengu zilipigwa na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walifika Korem, kaskazini ya Ethiopia, wakaonyesha watu wakifa kwa njaa katika baridi ya alfajiri. Bob Geldof, mwimbaji wa Ireland, alipoziona picha hizo aliwakusanya wenzake wakatoa wimbo kabla ya mwaka kwisha, na mwaka wa pili wakafanya tamasha. Waimbaji wale wajulikana na kulla kijana wetu. Mohamed Amin, aliyekatika mkono Addis Ababa mwaka 1991 na kufariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Ngazija, ni wachache wanaolijua jina lake.

Mfuko wa Band Aid, uliopokea mapato hayo, umekwisha kutoa zaidi ya pauni milioni 140 tangu wakati ule. Chakula kilipokuwa kikilala kwa kukosa vyombo vya kukichukua, mfuko ulinunua malori. Waliokula walikula, na mwenye kuidharau tonge iliyomfikia mwenye njaa, huyo hajapata kulala na njaa.

Walakini njaa ile haikuletwa na ukosefu wa mvua peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani na watu wa Tigray na Eritrea. Majeshi yaliharibu mazao, na ndege zikapiga masoko kwa mabomu. Hata wakati msaada ulipokuwa ukimiminika, serikali hiyo hiyo iliwahamisha watu kama 600,000 kutoka kaskazini kuwapeleka kusini na magharibi, wengi wao kwa nguvu, na maelfu wakafa. Madaktari wa Médecins Sans Frontières kutoka Ufaransa waliolikemea jambo hilo walifukuzwa nchini mwaka 1985. Na ule wimbo uliouzwa ulitaja ukame, haukutaja vita. Uliuliza pia kama watu wale wajua kuwa ni Krismasi, na hali Habasha, nchi iliyowapokea Masahaba walipohajiri, ilikuwa nchi ya Kikristo tangu karne ya nne! Mtu asiyejua hata hili juu ya maskini wake, atajuaje ni nani aliyemfukarisha?

Hapa yatupasa insafu. Mwaka 2010 BBC ilitangaza khabari kwamba fedha za msaada zilinunuliwa silaha na waasi wa Tigray, na watu wakafahamu kuwa ni fedha za Band Aid. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo BBC ikaomba radhi, kwani haikuwa na ushahidi juu ya mfuko huo. Wako wangali wakiisimulia barazani ile khabari ya kwanza, wala hawaijui ya pili.

Geldof mwenyewe huenda alifahamu kwamba fedha ya mlangoni haitoshi, kwani tamasha la Live 8, tarehe 2 Julai 2005, halikuwa la kukusanya fedha. Lilifanywa kuwashurutisha wakubwa wa mataifa manane ya kitajiri waliokutana Gleneagles, Scotland, siku chache baadaye. Wakubwa hao wakathibitisha kufutwa madeni ya nchi 18 kwa vyombo vikubwa vya fedha vya dunia, na katika hizo zimo Tanzania, Uganda na Rwanda, Kenya haikuwamo. Deni hilo lilifutwa kweli. Wakaahidi pia kuiongezea Afrika msaada wa dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, na ahadi hiyo haikutimia. Tena mapatano ya kufuta madeni yalikwisha kufikiwa na mawaziri wao wa fedha mwezi wa Juni, kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa, baada ya watu wasio na majina makubwa, wa makanisani na vyamani, kuyadai kwa miaka mingi. Na santuri za waimbaji je? Ziliuzwa maradufu juma lile, hata David Gilmour wa Pink Floyd akasema kwamba faida yake ya ziada ataitoa sadaka, akawataka wenziwe wafanye vivyo. Twamshukuru kwa kulisema waziwazi.

Basi jawabu letu ni hili. Tamasha laweza kumlisha mwenye njaa, maadamu hesabu zake zatunzwa. Ufakiri wenyewe, uliofungwa kwa vita, kwa deni na kwa dhulma ya wenye kutawala, tamasha haliufungui. Mara chache laweza kumsukuma mwenye ufunguo.

Ama tiketi za ndugu yetu, asizikatae kwa sababu ya shaka tu, wala asizinunue kwa haya ya vijana. Na awaulize ni nani mweka hazina. Ukumbi na waimbaji walipwa kiasi gani, na kutoka mfuko upi. Chakula chaenda kijiji gani, kwa mkono wa nani. Na hesabu itasomwa lini, mbele ya nani. Tena awaulize kama watu wa kijiji hicho wamepata kuulizwa wataka nini, chakula au mbegu au kisima. Tamasha, kwa barua yake, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku za kuuliza zingalipo.