DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: HOFU NA MWILI



Nabii Musa (a.s.) alipoiona fimbo yake inatikisika kama nyoka, aligeuka akakimbia. Kisa kimo katika Suratun-Naml. Mola wake hakumkemea, alimtuliza. Basi hofu ya kimaumbile si upungufu wa imani.

Chukua mfano: umekutana na nyoka katikati ya alizeti. Kabla hujafikiri, ubongo umeshatoa amri. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinatoa jasho, damu inaelekea kwenye misuli. Mwili unajiandaa kukimbia au kupambana. Hiyo ni neema.

Lakini yupo anayepatwa na hali hiyo hata kwa picha ya nyoka kwenye simu. Hiyo ni hofu iliyopitiliza, nayo inatibika kwa kukizoea kitu kile kidogo kidogo, akisaidiwa na mtaalamu.

Hofu ya sindano na damu ina njia yake. Moyo huanza kwenda mbio, kisha ghafla mapigo yanapungua, presha inashuka, mtu chini! Mtaani watasema kapandwa na jini. Wengine wanacheka: mwanaume mzima! Matokeo yake anakwepa kupima malaria au sukari, mama mjamzito anakwepa kliniki. Hapo hofu inakuwa na madhara kuliko sindano yenyewe.

Ukiwa mmoja wao, fanya hivi:
1. Mwambie muuguzi mapema, uchomwe ukiwa umelala.
2. Kaza misuli ya mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, pumzika kidogo, rudia mara 5. Hii inazuia presha isishuke. Mkono unaochomwa uache umelegea.
3. Usiinuke haraka.

Na saumu je? Wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema damu kidogo ya kipimo, au sindano ya dawa isiyo ya lishe, haibatilishi saumu. Kama jambo halina haraka, nenda baada ya futari, ukiwa umeshakunywa maji. Likiwa la dharura, usingoje.

Kazi ya leo: nyumbani kwako kuna anayeogopa kitu? Usimcheke. Muulize, umsikilize, na kama ni sindano, msindikize.

Allah azitulize nyoyo zetu na atupe afya. Amin.