Wizi wa kitaaluma huanzia kwenye daftari

Mwanafunzi anayeitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa sababu ya tasnifu yake huwa na utetezi unaojulikana: sikukusudia. Naamini wengi wao wanasema kweli. Januari mmoja wao alisoma makala, akanakili aya mbili kwenye simu bila kuandika zimetoka wapi. Juni akazikuta, akadhani ni zake. Lakini kamati haina namna ya kuona nia yako. Inachokiona ni maandishi ya mtu mwingine chini ya jina lako.

Utetezi huo haukumsaidia hata waziri. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani mwaka 2011, wasomaji wa mtandaoni walipoanza kuichambua tasnifu yake ya uzamivu ukurasa kwa ukurasa. Alijitetea kwamba kwa kuandika miaka mingi huku akibeba majukumu ya siasa na familia, alipotewa na hesabu ya vyanzo vyake. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada Februari, Machi akajiuzulu uwaziri, na Mei tume ya chuo ikasema alidanganya kwa makusudi.

Kwa hiyo anza na daftari. Kabla hujaandika chochote kutoka kwenye kitabu au makala, andika kwanza jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi na namba ya ukurasa. Sentensi unayoinakili kama ilivyo iwekee alama za kunukuu hapohapo, usisubiri siku ya kuandika sura. Mawazo yako mwenyewe yaandike kwa kalamu ya rangi nyingine. Ni kazi ya dakika chache kwa kila chanzo, na itakuokoa wiki nzima ya kutafuta marejeo huku msimamizi anakupigia simu.

Panapowashinda wengi zaidi ni kueleza hoja ya mtu kwa maneno yao wenyewe. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: “Bei ya mahindi hupanda kabla ya mavuno kwa sababu wakulima wengi huuza mazao mapema na kubaki bila akiba.” Mwanafunzi anaandika: “Gharama ya mahindi huongezeka kabla ya mavuno kwa kuwa wakulima wengi huuza mazao mapema na kukosa akiba.” Amebadili maneno manne, mjengo ni uleule. Huo bado ni wizi, hata akitaja chanzo. Sasa funga kitabu, mweleze mwenzako wa hosteli ulichoelewa, kisha andika ulivyomweleza: “Msimu mpya unapokaribia, ghala za waliouza mapema huwa tupu, na kwa maoni ya mwandishi huyo, wingi wa wakulima wa namna hii ndio unaopandisha bei.” Weka jina na mwaka, halafu fungua kitabu uhakikishe hukumsingizia mwandishi. Kutafsiri makala ya Kiingereza na kuiwasilisha kwa Kiswahili bila kumtaja mwandishi ni kosa lilelile.

Usiishi kwa kuogopa asilimia za mfanano za programu ya Turnitin. Zenyewe huonyesha tu kiasi cha maandishi yako kinachofanana na mengine. Nukuu zilizotajwa vizuri zinaweza kupandisha asilimia bila kosa lolote, na tasnifu ya kununua inaweza kupita na asilimia ndogo.

Nikigusia kununua: karibu na vyuo vingi kuna steshenari ambayo mtu wake atakuandikia ripoti ya fildi ukimkatia sehemu ya bumu, yaani fedha zako za mkopo. Usiende. Anayekuandikia anabaki na nakala, na siku ya kuitetea kazi utaulizwa swali dogo sana, kwa nini ulichagua sampuli hii, ukose la kusema. Maelezo ya masomo (desa) ya kaka wa mwaka wa tatu yasome upate mwanga, ila usiyahamishie kwenye kazi yako. Na kwenye kazi ya kundi, asiyefanya chochote asiandikwe jina. Mwambieni mapema, kwa upole, kabla ya kuwasilisha.

Kuhusu ChatGPT na ndugu zake, uliza idara yako inaruhusu nini, maana kanuni hutofautiana. Vyovyote iwavyo, itafute mwenyewe kila rejea iliyokupa. Programu hizi huweza kutunga vitabu visivyokuwapo, na kuvipa waandishi na miaka.

Kinachowasukuma wengi kwenye wizi ni muda kuisha na hofu ya sapu (mtihani wa marudio) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Ukiona umezidiwa, andika ujumbe kabla ya siku ya mwisho: “Shikamoo Dokta. Nimekamilisha sehemu ya kwanza na ya pili, naziambatanisha. Nilikuwa naumwa, cheti cha zahanati ninacho. Naomba siku tatu nimalizie.” Anaweza kukataa. Hata hivyo kazi pungufu ya mkono wako hukupunguzia alama tu, ilhali ya wizi inaweza kukufukuzisha chuo.

Na kama tayari umeitwa, usifute chochote. Omba tuhuma kwa maandishi, soma kanuni za mitihani za chuo chako, na muulize mshauri wa wanafunzi kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Kusanya rasimu zako zote, hata zile mbovu, pamoja na historia ya faili inayoonyesha ulivyoandika siku baada ya siku. Daftari lenye namba za kurasa nalo libebe. Ukiwa umekosa kweli, kiri mwanzoni kabisa na ueleze ilivyotokea, kabla kamati haijaanza kukusomea aya moja moja.